NIGERIA BAADA YA VITA VYA BIAFRA: UKANDA, SULUHU NA UJENZI MPYA

UTANGULIZI

Tarehe 15 Januari, 1970, mjini Lagos, viongozi wa kijeshi wa Biafra walisalimu amri rasmi mbele ya Jenerali Yakubu Gowon, Mkuu wa Serikali ya Kijeshi ya Nigeria. Vita vilivyodumu miezi thelathini vikaisha. Makisio ya waliokufa yanatofautiana mno, kuanzia nusu milioni hadi milioni tatu, lakini jambo moja halina ubishi: wengi wa marehemu hao hawakuwa askari. Walikuwa watoto, akina mama na wazee, na waliouawa na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi.

Neno "umoja" hutamkwa katika kila mkutano wa hadhara. Kwa sababu hiyo kada wa chama anapaswa kujua neno hilo lina gharama gani pale linapokosa msingi, na pia kujua nchi iliyokwisha kupasuka hurudije kuwa moja. Historia ya Nigeria inayajibu maswali yote mawili.

Kuna maelezo mawili potofu ambayo lazima tuyaweke kando kabla ya kuanza. La kwanza husema kwamba vita vile vilikuwa vya makabila yaliyochukiana tangu enzi, na kwamba Mwafrika hana dawa ya ukabila. Haya ni maelezo ya wakoloni na magazeti yao. La pili husema kwamba kila kitu kilikuwa njama ya mabeberu, na Wanigeria wenyewe walikuwa vipofu walioshikwa mkono. Maelezo haya yanavutia kwa sababu yanatuondolea lawama, lakini nayo hayatoshi. Mabeberu walikuwapo, na tutawataja. Lakini ufa walioutumia ulikuwa umechimbwa kwa miaka mingi, na baada ya uhuru walioendelea kuuchimba walikuwa viongozi wa nchi hiyo hiyo.

1. MIZIZI YA UKANDA

Nigeria kama nchi moja ilianza tarehe 1 Januari, 1914, wakati Lugard alipouunganisha utawala wa Kaskazini na ule wa Kusini. Muungano huo ulikuwa wa hazina na reli tu; haukuwa wa watu. Kaskazini Waingereza walitawala kupitia masultani na maemiri wa Kihausa na Kifulani, na kwa kuwaridhisha walizuia shule za misheni kuenea huko. Kusini shule hizo zilizagaa. Matokeo yake yalikuwa kwamba nchi moja ilizaa sehemu mbili zilizotofautiana mno kwa elimu, na tofauti hiyo haikuletwa na akili za watu bali na mpango wa utawala.

Mwaka 1939 Kusini nako kuligawanywa, Mashariki na Magharibi. Katiba ya 1946 ikazipa sehemu hizo tatu mabaraza yao, na ile ya 1954 ikazifanya kuwa kanda tatu zenye serikali zake. Katika kila kanda lilikuwapo kabila moja kubwa: Wahausa na Wafulani Kaskazini, Wayoruba Magharibi, Waigbo Mashariki. Na katika kila kanda yalikuwapo makabila mengi madogo, kama Wativ, Waijaw, Waibibio, Waefik na Waogoni, ambayo yaliogopa kumezwa. Yalipodai majimbo yao wenyewe kabla ya uhuru, tume ya Willink ya mwaka 1958 iliyakatalia.

Sasa tutazame uchumi, maana humo ndimo siri ilimo. Kaskazini ililima karanga na pamba, Magharibi kakao, Mashariki mawese. Mkulima aliuza mazao yake kwa bodi ya mazao kwa bei iliyopangwa, na mara nyingi bei hiyo ilikuwa chini sana ya bei ya soko la dunia. Tofauti ilibaki mikononi mwa bodi. Kuanzia 1954 bodi hizo ziliwekwa chini ya kanda. Maana yake ni kwamba chama kilichoishika serikali ya kanda kilishika pia jasho la wakulima wa kanda hiyo. Kwa fedha hizo mabenki yalifunguliwa, zabuni zikagawiwa, na tabaka dogo la wanasiasa, wafanyabiashara na wakandarasi likanenepa.

Vyama vikafuata mkondo huo. Northern People's Congress cha Ahmadu Bello kilikuwa cha Kaskazini hata kwa jina. Action Group cha Obafemi Awolowo kilikuwa na ngome Magharibi. N.C.N.C. cha Nnamdi Azikiwe kilianza na nia ya kuwa chama cha nchi nzima, lakini kikajikuta kimerudi kuegemea Mashariki. Kila chama kililinda bodi zake, na ili kulinda bodi kilihitaji kura. Njia nyepesi ya kupata kura ilikuwa kumwambia mkulima kwamba adui yake ni mtu wa kanda nyingine. Mkulima wa karanga aliyepunjwa na bodi yake mwenyewe aliambiwa amtazame kwa jicho baya karani wa Kiigbo wa stesheni.

Na makarani hao walikuwapo. Waigbo wengi, wenye elimu ya misheni na ardhi finyu kwao, walikwenda Kaskazini kufanya kazi katika reli, posta na maduka. Waliishi katika mitaa ya wageni iliyoitwa Sabon Gari, pembeni mwa miji ya wenyeji, kwa utaratibu wa ukoloni wa kutenga watu. Walifanya kazi pamoja mchana, lakini watoto wao hawakusoma pamoja.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba hapakuwa na njia nyingine. Mwezi Juni 1964 wafanyakazi wa Nigeria waligoma nchi nzima kwa karibu wiki mbili wakidai mishahara. Mhausa, Myoruba na Mwigbo walisimama mstari mmoja dhidi ya serikali zote, ya shirikisho na za kanda. Mgomo ule ulionyesha kwamba palipokuwa na madai ya pamoja, kabila halikuwa kizuizi. Lakini hapakuwa na chama cha kitaifa cha kuuchukua umoja huo na kuufanya nguvu ya kudumu. Baada ya miezi michache wafanyakazi wale wale walipigia kura vyama vya kanda zao.

2. KUTOKA UCHAGUZI HADI RISASI

Nigeria ilipata uhuru tarehe 1 Oktoba, 1960. Katika Bunge la viti 312 Kaskazini peke yake ilikuwa na viti 174. Kwa hiyo aliyeishika Kaskazini aliweza kuitawala nchi bila ya kuomba kura moja Kusini. Sensa ya 1962 ikagombaniwa, ya 1963 ikagombaniwa pia, kwa kuwa hesabu ya vichwa ilikuwa hesabu ya viti na fedha. Uchaguzi Mkuu wa 1964 ukasusiwa katika sehemu kubwa ya Mashariki. Ule wa Kanda ya Magharibi wa Oktoba 1965 ulijaa wizi wa kura, na nyumba zikachomwa moto.

Tarehe 15 Januari, 1966, maofisa vijana wa jeshi walipindua serikali. Walimwua Waziri Mkuu Abubakar Tafawa Balewa, Ahmadu Bello wa Kaskazini na Akintola wa Magharibi. Wengi wa maofisa hao walikuwa Waigbo, na viongozi wa Mashariki hawakuuawa. Huko Kaskazini jambo hilo lilionekana kuwa njama ya kabila moja. Jenerali Ironsi aliyechukua madaraka alitoa Amri Namba 34 mwezi Mei, akifuta kanda na kuunganisha utumishi wa serikali. Alitaka umoja, lakini aliutaka kwa karatasi, bila ya kuwaandaa watu, na Kaskazini iliogopa kwamba kazi zote zingechukuliwa na wasomi wa Kusini. Mauaji yakaanza. Julai 29 maofisa wa Kaskazini wakampindua na kumwua Ironsi, na Gowon akashika madaraka. Mwezi Septemba na Oktoba 1966 maelfu ya watu wa Mashariki waliokuwa wakiishi Kaskazini waliuawa, na zaidi ya milioni moja wakakimbilia kwao wakiwa na vifurushi vichwani na wengine wakiwa na majeraha.

Mkutano wa Aburi, Ghana, wa Januari 1967 ulifikia mapatano ambayo kila upande uliyatafsiri kwa namna yake. Tarehe 27 Mei Gowon alizifuta kanda na kuigawa nchi katika majimbo 12. Makabila madogo ya Mashariki yalipewa majimbo yao, na katika maeneo yao ndimo mlimokuwa na sehemu kubwa ya visima vya mafuta vya Mashariki. Siku tatu baadaye Kanali Odumegwu Ojukwu alitangaza kwamba Mashariki imejitenga na kuwa Jamhuri ya Biafra. Tarehe 6 Julai vita vikaanza.

Hapo mabeberu wakaingia kila mmoja kwa mlango wake. Uingereza, yenye maslahi makubwa katika kampuni ya Shell-BP, iliipa silaha Serikali Kuu. Urusi nayo iliiuzia ndege za kivita. Ufaransa ilipeleka silaha Biafra kwa siri kupitia Ivory Coast na Gabon. Ureno iliyokuwa ikiwaua ndugu zetu wa Msumbiji ilitoa viwanja vya ndege. Hapakuwa na upande uliokuwa na marafiki safi.

Wala hapakuwa na upande uliokuwa na mikono safi. Oktoba 1967 askari wa Serikali Kuu waliwaua mamia ya wanaume raia mjini Asaba. Biafra nayo iliwatesa na kuwafunga watu wa makabila madogo waliotuhumiwa kuwa wasaliti, na viongozi wake wengi hawakutaka kukiri kwamba Waijaw na Waefik walikuwa na haki ile ile ya kuchagua ambayo Waigbo walikuwa wakiidai. Wakati huo kuzingirwa kwa Biafra kukaleta njaa, na mtoto wa Kiigbo akawa picha ya kila gazeti la dunia.

3. MSIMAMO WA TANZANIA

Tarehe 13 Aprili, 1968, Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra. Gabon, Ivory Coast na Zambia zikafuata mwezi uliofuata. Uamuzi huo haukuwa mwepesi. Tanzania ni nchi ya Muungano. Ni mwanachama mwanzilishi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ambao uliapa kuheshimu mipaka. Na mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi la Tanganyika, ni askari wa Nigeria waliokuja kulinda amani badala ya Waingereza. Kumgeuka rafiki wa namna hiyo si jambo la mzaha.

Hoja ya Mwalimu Nyerere, kwa ufupi, ilikuwa hii. Dola ipo kwa ajili ya usalama wa raia wake. Sehemu kubwa ya raia inapouawa, na dola ikashindwa au ikakataa kuwalinda, basi dola hiyo imepoteza haki ya kudai utii wao. Umoja hujengwa kwa ridhaa. Hauwezi kujengwa juu ya maiti za wale wanaounganishwa.

Kada wa leo anayo haki ya kuuliza: je, historia iliukubali uamuzi ule? Jibu la kweli lina sehemu mbili, na hatuna budi kuzisema zote. Mauaji ya 1966 yalikuwa kweli, na hofu ya Waigbo haikuwa ya kubuni. Hapo Tanzania ilisema jambo ambalo wengi walilijua na kulinyamazia. Lakini wengi wa walioiunga mkono Biafra waliamini kwamba ikishindwa, Waigbo watafyekwa. Hilo halikutokea. Zaidi ya hayo, kuitambua Biafra kulikuwa kutambua dola ambayo ndani yake yalikuwamo mamilioni ya watu wa makabila madogo ambao hawakuulizwa. Kanuni ya ridhaa, kama ni kanuni, ilipaswa kuwafikia na wao.

Kusema hivyo si kuwatukana wazee wetu. Kujikosoa ni silaha ya mwanamapinduzi, na kanuni iliyotangazwa mwaka 1968, kwamba umoja bila ya ridhaa ni utumwa, ndiyo hiyo hiyo tutakayoitumia kuipima Nigeria baada ya vita.

4. SULUHU YA 1970

Ni lazima tuanze kwa kuwapa Wanigeria sifa wanayostahili. Gowon alitangaza kwamba katika vita vile hapana mshindi wala mshindwa. Alitoa msamaha kwa wote. Hapakuwa na mahakama za kulipiza kisasi, wala viongozi wa Biafra kupigwa risasi uwanjani. Askari wa Serikali Kuu hawakugawiwa medali za ushindi. Ojukwu alikuwa amekimbilia Ivory Coast, lakini wenzake waliobaki walirudi nyumbani kwao.

Serikali ilitangaza mpango wa mambo matatu: kupatanisha watu, kuwarudisha katika maisha ya kawaida, na kujenga upya kilichobomoka. Watumishi wengi wa Kiigbo walirudishwa katika kazi za serikali, ingawa si wote, na wengi hawakurudi katika vyeo vyao. Amri ya mwaka 1970 iliiruhusu serikali kuwaachisha waliotumikia uasi. Reli, barabara na daraja la Mto Niger pale Onitsha, lililokuwa limelipuliwa, vilitengenezwa. Kaskazini, nyumba nyingi za Waigbo waliokimbia zilikuwa zimetunzwa na majirani na viongozi wa miji, na baadhi ya wenyewe walirudishiwa pamoja na kodi iliyokusanywa. Jambo hili linastahili kuwekwa mbele ya macho ya wale wanaohubiri kwamba makabila hayawezi kusameheana.

Mwaka 1973 serikali iliunda Utumishi wa Vijana wa Taifa. Kila kijana aliyemaliza chuo kikuu alipaswa kutumikia mwaka mmoja katika jimbo lisilokuwa lake. Mwaka huo huo naira ikachukua nafasi ya paundi. Mwaka 1976 uliamuliwa mji mkuu mpya ujengwe Abuja, katikati ya nchi, mahali ambapo hakuna kabila lolote kati ya yale makubwa matatu lingeweza kusema ni pake. Serikali ilihamia huko rasmi mwaka 1991. Katiba ya 1979 ilitaka Rais apate si kura nyingi tu, bali pia robo ya kura katika theluthi mbili ya majimbo. Na katika uchaguzi wa mwaka huo Alex Ekwueme, Mwigbo, alichaguliwa kuwa Makamu wa Rais. Ilikuwa imepita miaka tisa tu tangu vita. Ojukwu mwenyewe alisamehewa mwaka 1982, akarudi, akagombea Useneta mwaka uliofuata, akashindwa kwa kura.

5. NANI ALIJENGWA UPYA?

Lakini suluhu ya maneno na vyeo ni jambo moja, na suluhu ya mali ni jambo jingine. Hapa ndipo uchambuzi wa kitabaka unapohitajika.

Kwanza, fedha. Januari 1968 Serikali Kuu ilikuwa imebadili noti, na Biafra ikachapisha zake. Vita vilipokwisha, noti za Biafra zilikuwa karatasi. Waliokuwa na akaunti za benki walizozitumia wakati wa vita waliamuliwa walipwe paundi 20 tu, hata kama mtu alikuwa ameweka maelfu. Wakati huo Kamishna wa Fedha alikuwa Awolowo. Kwa mkulima asiyekuwa na akaunti hatua hiyo haikumaanisha kitu moja kwa moja, lakini mwenye duka, fundi na mwalimu walianza upya kutoka chini kabisa.

Pili, mali. Katika Port Harcourt, ambayo sasa ilikuwa katika Jimbo la Rivers, nyumba za Waigbo waliokimbia zilitangazwa kuwa mali iliyotelekezwa, na wengi hawakuzipata tena. Kumbuka kwamba wenyeji wa Rivers walikuwa wamelalamika kwa miaka mingi kwamba mji wao ulitawaliwa na wageni. Dhuluma ya zamani ililipwa kwa dhuluma mpya, na waliofaidi zaidi walikuwa wakubwa wa jimbo. Mvuvi wa mikondo ya delta alibaki pale pale.

Tatu, uchumi wa kizalendo. Mwaka 1972 ilitolewa amri ya kuwapa Wanigeria hisa katika makampuni ya kigeni, na mwaka 1977 ikapanuliwa. Lengo hilo lilikuwa zuri. Lakini hisa hununuliwa kwa fedha, na Waigbo miaka miwili baada ya vita hawakuwa na fedha. Ndiyo maana mpaka leo wao huitaja amri hiyo kuwa adhabu ya pili ya vita. Malalamiko hayo ni ya haki, lakini hayafiki mwisho wa jambo. Je, mkulima wa kakao wa Kiyoruba alinunua hisa? Je, mkulima wa karanga wa Kano alinunua? Hapana. Walionunua walikuwa wafanyabiashara wakubwa, maofisa na wenye marafiki katika mabenki. Amri ile haikuhamisha uchumi kutoka kwa wageni kwenda kwa wananchi. Ilihamisha sehemu yake kwenda kwa tabaka. Mwigbo tajiri alifungiwa mlango kwa sababu ya vita. Maskini wa kila kabila alikuwa amefungiwa siku zote.

Basi ni nani aliyeijenga upya Mashariki? Kwa sehemu kubwa ni watu wenyewe. Vyama vya kijiji na mji, ambavyo Waigbo walikuwa navyo tangu wakati wa ukoloni, vilichangisha fedha na kutoa nguvu kazi kujenga shule, zahanati na masoko. Mfanyabiashara aliyepata mtaji kidogo alimchukua kijana wa kwao, akamfunza biashara kwa miaka kadhaa, kisha akamtolea mtaji aanze yake. Kwa njia hiyo masoko ya Onitsha na Aba yalifufuka, na mji wa Nnewi ukawa mashuhuri kwa biashara na baadaye viwanda vya vipuri. Hiyo ni kujitegemea kwa vitendo. Lakini kujitegemea huko kulikuwa kwa ukoo na mji. Kulimfundisha Mwigbo kwamba atakayemwokoa ni ndugu yake wa damu, si taifa. Kwa hiyo nguvu ile ile iliyoifufua Mashariki haikuweza peke yake kuijenga Nigeria.

6. MAJIMBO MENGI, KISIMA KIMOJA

Kabla ya vita kila kanda ilijitegemea kwa zao lake, na nusu ya malipo ya madini ilibaki katika kanda yalikotoka. Baada ya vita mafuta yalipanda kuwa mengi na ghali, hasa kuanzia 1973. Katikati ya miaka ya 1970 yalikuwa yakiipa serikali zaidi ya robo tatu ya mapato yake. Mgawo wa maeneo yanayotoa mafuta ukapunguzwa hadi asilimia 45 mwaka 1970, na 20 mwaka 1975, na baadaye ukashuka chini zaidi. Kakao, karanga na mawese vikasahauliwa. Mwaka 1975 meli za saruji zilizoagizwa bila ya hesabu zilijaa nje ya bandari ya Lagos kwa mamia, zikisubiri kushusha, huku kila siku ya kungoja ikilipiwa.

Hapo ukanda ukabadili sura. Zamani viongozi wa kanda walinyonya wakulima wao na kuwagombanisha. Sasa fedha zilitoka Serikali Kuu kwenda kwenye majimbo, kwa hiyo kila kikundi cha wakubwa kilitaka jimbo lake. Kutoka majimbo 12 ya 1967 yakawa 19 mwaka 1976, 21 mwaka 1987, 30 mwaka 1991 na 36 mwaka 1996. Hatuwezi kusema kwamba hatua hiyo haikuwa na faida yo yote. Kuzivunja kanda kubwa kuliondoa hatari ya sehemu moja kuitawala nchi nzima au kujitenga kwa urahisi, na makabila madogo yalipata sauti. Lakini jimbo jipya halikuwa kisima kipya. Lilikuwa mdomo mpya kwenye kisima kile kile. Na kila jimbo lilizaa ndani yake wengi wapya na wachache wapya.

Walio jirani na kisima ndio waliokunywa kidogo. Ken Saro-Wiwa, Mwogoni, aliiunga mkono Serikali Kuu wakati wa vita na akawa msimamizi wake pale Bonny. Tarehe 10 Novemba, 1995, serikali ya kijeshi ilimnyonga pamoja na wenzake wanane, baada ya kuongoza madai ya Waogoni kuhusu mafuta na ardhi yao iliyochafuliwa. Aliyechagua umoja alilipwa kitanzi. Katiba ya 1999 ilirudisha mgawo wa angalau asilimia 13 kwa majimbo ya mafuta, baada ya damu nyingi.

Na Waigbo? Ukanda wao una majimbo matano, wakati kanda nyingine za nchi zina sita au saba, na hesabu hiyo wanaijua hata watoto. Tangu vita hadi uchaguzi wa 2023 hajachaguliwa Rais wa kabila hilo. Tume iliyoundwa mwaka 1999 kuchunguza maovu tangu 1966 ilitoa taarifa yake mwaka 2002, na serikali haikuichapisha. Kwa hiyo vijana waliozaliwa miaka mingi baada ya Biafra wameipokea kama hadithi ya nyumbani, haijajadiliwa mbele ya taifa. Vikundi vinavyodai kujitenga vilizuka upya kuanzia 1999. Kimoja kati yavyo kilipigwa marufuku mwaka 2017. Marufuku hunyamazisha kikundi, lakini haijibu swali.

HITIMISHO

Tunapata mafunzo gani?

Kwanza, ukabila si maradhi ya kurithi. Hutengenezwa. Mahali elimu, ardhi, kazi na bei ya mazao vinapogawiwa kwa upendeleo, ukabila huota hapo, na wapo wanaoumwagilia maji kwa faida yao. Kada anayeupiga vita ukabila kwa hotuba, na akaacha upendeleo uendelee, anafagia nje huku moshi uko ndani.

Pili, msamaha ni jambo kubwa na linawezekana. Nigeria ya 1970 ilifanya ambalo nchi nyingi zilizojiita zilizostaarabika hazikulifanya baada ya vita vyao. Lakini msamaha usiofuatwa na haki ya mali huacha deni, na deni hilo hudaiwa na watoto.

Tatu, kugawa nchi katika vipande vidogo hupunguza hofu, lakini hakumalizi ukanda ikiwa kazi ya kila kipande ni kungoja mgao. Watu huunganishwa na uzalishaji wa pamoja na madai ya pamoja, kama wafanyakazi wa Juni 1964 walivyoonyesha kwa majuma mawili tu. Kosa la wapenda umoja wa Nigeria lilikuwa kuliacha tukio lile lipite bila ya chombo cha kulidumisha.

Nne, ukweli usizikwe pamoja na maiti. Taifa lisilozungumza vita vyake huwaachia wachochezi wavizungumze peke yao.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nigeria ililazimika kuujenga ukuta, na kwa kiasi kikubwa ukuta huo umesimama; nchi ile ni moja mpaka leo, na hilo si jambo dogo. Lakini wenye nyumba wenyewe wanaujua ufa uliobaki chini ya rangi. Sisi tunaowatazama kwa mbali tusiwacheke wala tusijidhani tumesalimika. Kila mmoja wetu, katika tawi lake, wilaya yake na ofisi yake, aulize: hapa kwetu ni nani anayeamini kwamba hakulindwa, hakuhesabiwa wala hakugawiwa? Na je, tumemwuliza yeye mwenyewe?